Kurudi kortini bila wakili: rufaa, mapitio, au uombe amri ibadilishwe?

Nina duka dogo la kompyuta Ngara. Nachapa, natoa kopi, naskani. Kwa kuwa wanaoelekea Thika Road hupandia matatu huku, wengi hunijia moja kwa moja kutoka kortini Milimani, hukumu mkononi, macho mekundu. Ombi lao huwa moja: "Kaka, nichapie apili."

Mimi si wakili, na huchapa tu kile ninacholetewa. Lakini nimekaa kwenye kiti hiki miaka ya kutosha kujua kwamba wengi wanaoitisha apili, yaani rufaa, si apili wanayoihitaji. Wanataka korti iwasikilize tena, na milango ya kusikilizwa tena ni zaidi ya mmoja. Ukibisha mlango usio wako unaweza kupigwa tarehe mwaka mzima, kisha uambiwe hapa sipo, na ule uliokuwa wako umeshafungwa.

Kwa hiyo kabla sijawasha printa huuliza maswali mawili. Hukumu ilisomwa lini? Na kilichoharibika ni nini hasa: hakimu amekosea, au maisha yako ndiyo yamegeuka? Swali la pili ndilo linalochagua njia. La kwanza linakuonyesha kama njia hiyo bado iko wazi.

Hukumu moja, malalamiko matano

Chukua mfano wa kutunga, ila wa kila siku. Mahakama ya Watoto imeamua kesi ya fundi wa umeme wa Githurai. Watoto wawili wakae na mama yao Kayole. Baba awachukue Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, alipe shilingi 15,000 za matunzo kila mwezi, na karo juu yake. Fundi ametoka kortini akitetemeka. Sasa msikilize vizuri anachosema, maana kila sentensi ina mlango wake.

"Wameandika karo ya mwaka ni 38,500, na muhula mmoja ni 9,500!" Tisa elfu mia tano mara tatu ni 28,500. Hilo ni kosa la hesabu. Halihitaji rufaa wala kelele. Kifungu cha 99 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinairuhusu korti irekebishe makosa ya hesabu na ya uandishi wakati wowote, yenyewe au mmoja wenu akiomba. Ombi fupi, kiapo cha ukurasa mmoja, na muundo wa karo kutoka shuleni ukiwa umeambatishwa. Basi.

"Mimi sikujua hata kama kuna kesi." Huyu anaomba hukumu itenguliwe.

"Kuna karatasi hakimu hakuiona, na hata mimi sikujua ipo." Hayo ni mapitio, yale watu wa mjini huita rivyu.

"Aliona kila kitu, akasikia kila kitu, na bado akaamua ndivyo sivyo." Hiyo sasa ndiyo rufaa.

"Siku ile alikuwa sawa, lakini mwezi uliopita nimeachishwa kazi." Hapo hakuna kosa la hakimu la kutafuta. Anachohitaji ni kuomba amri ibadilishwe.

Mtu mmoja anaweza kuwa na malalamiko mawili au matatu kwa mpigo, na hapo ndipo kuchagua kunapokuwa kugumu, hasa kati ya mapitio na rufaa.

Mapitio na rufaa

Mapitio yanarudi kwa hakimu yuleyule, kama bado yupo katika korti hiyo. Rufaa inapanda juu: kutoka kwa hakimu inakwenda Mahakama Kuu, na kwa Nairobi ni Kitengo cha Familia, palepale Milimani. Watu wengi wakisikia "hakimu yuleyule" wanakunja uso. Atajikosoaje? Lakini kama shida ni jambo ambalo hakulijua, hana sababu ya kujitetea. Unampa alichokosa tu. Shida ikiwa ni fikra zake mwenyewe, basi ndiyo, unapoteza muda wako kwake.

Sheria yenyewe imebana. Kifungu cha 80 cha sheria ileile ya kesi za madai, pamoja na Agizo la 45 la Kanuni zake za 2010, kinataka moja kati ya mambo matatu. La kwanza ni ushahidi mpya na mzito ambao, hata baada ya kujitahidi ipasavyo, hukuujua au hukuweza kuuleta wakati ule. La pili ni kosa linaloonekana waziwazi kwenye kumbukumbu za korti. La tatu ni sababu nyingine ya kutosha. Watu hupenda kukimbilia hiyo ya tatu kwa sababu inasikika pana kama uwanja wa Uhuru Park. Si pana hivyo. Mahakama ya Rufaa ilishasema katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Ndungu Njau, 1997, kwamba kosa la kupitiwa liwe linajionyesha lenyewe bila mabishano marefu, na kwamba haitoshi kuwa hakimu mwingine angeliona jambo tofauti. Hata kuitafsiri sheria vibaya si sababu ya mapitio. Hiyo ni ya rufaa.

Neno linalowaangusha wengi ni "kujitahidi". Fundi wetu akinijia na taarifa yake ya M-Pesa ya miezi kumi na minane kuonyesha kwamba alikuwa akituma pesa za chakula, nitaichapa, lakini hakimu atamuuliza: hii ilikuwa kwenye simu yako siku zote, mbona hukuileta? Hilo halina jibu zuri. Akija badala yake na barua inayoonyesha kwamba mama watoto alikuwa ameajiriwa kazi ya kudumu wakati akiapa kortini kwamba hana kipato, na barua hiyo ameipata baada ya hukumu, hapo ana kitu. Tofauti haiko kwenye uzito wa karatasi, iko kwenye swali la kwa nini haikuwepo mapema. Kiapo chako kitumie nguvu zake nyingi hapo: uliipataje, lini, na kwa nini isingewezekana kabla.

Rufaa haina kikwazo hicho, lakini ina kingine: kwa kawaida hauongezi ushahidi. Jaji anasoma yaliyosemwa kule chini. Wengi hawajui kwamba katika rufaa ya kwanza jaji hapimi sheria tu. Anapaswa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake mwenyewe, akikumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi wakizungumza. Ni kanuni ya zamani, tangu kesi ya Selle ya mwaka 1968. Kwa hiyo kama afisa wa watoto aliandika ripoti ukaipenda na hakimu hakuigusa hata kwa mstari mmoja, rufaa ina meno.

Muda. Rufaa kutoka kwa hakimu ni siku 30 tangu tarehe ya amri, kwa Kifungu cha 79G. Siku ambazo korti yenyewe inathibitisha kwamba ilizitumia kuandaa nakala ya amri zinatolewa kwenye hesabu, na ukichelewa unaweza kuomba ruhusa ukiwa na sababu nzuri. Lakini usianze safari kwa kuomba msamaha kama unaweza kuepuka. Mapitio hayana siku zilizoandikwa. Yanadai tu usichelewe bila sababu. Na hapa pana mtego ambao nimewaona watu wakiuingia wakitembea. Mtu anaomba mapitio kwa sababu ni rahisi, tarehe zinapigwa, siku 30 zinapita, mapitio yanakataliwa, kisha anarudi kwangu: "Sasa nichapie apili." Saa imekwisha. Kinyume chake pia ni kweli. Ukishakata rufaa, mapitio ya uamuzi huohuo yamefungwa. Na mapitio yakishaamuliwa, huwezi kuomba mapitio ya mapitio, Agizo la 45 limekataa.

Upande wa karatasi, mapitio ni mepesi. Unahitaji ombi, kiapo, viambatisho, na ile amri yenyewe iliyotolewa na kupigwa muhuri. Usisahau hiyo ya mwisho, maombi huanguka kwa kukosa karatasi moja. Rufaa inaanza kwa hati ya rufaa ambayo inaweza kuwa kurasa mbili tu. Kazi inakuja baadaye: kuomba mwenendo wa kesi, yaani yote yaliyosemwa kortini, uchapwe, kuufuatilia kwa karani, kupanga rekodi ya rufaa yenye nyaraka zote na kurasa zenye namba, kuskani, kupakia. Nimewahi kumpangia mama mmoja rekodi ya kurasa mia mbili na kumi. Tulimaliza saa tatu usiku, na ukurasa wa 94 ulikuwa umegeuzwa chini juu.

Lugha nayo ina sauti yake. Katika mahakama za chini lugha ni Kiingereza au Kiswahili, na unaweza kusimama mbele ya hakimu ukajieleza kwa Kiswahili chako bila kuomba radhi. Lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na hati zako huko zitakuwa za Kiingereza. Ukiwa peke yako, hilo lipime. Si kwamba huwezi, ila utahitaji mtu wa kukusaidia kuandika, na mkalimani ukifika mbele ya jaji.

Ukiniuliza mimi: kama kilio chako ni "hakunielewa", kata rufaa na usipoteze wiki kwenye mapitio. Kama una karatasi moja mpya inayogeuza kila kitu na unaweza kueleza ilikotoka, nenda mapitio, tena upesi, ukiwa na jicho kwenye siku ya thelathini.

Uliyeamuliwa ukiwa haupo

Hii ni tofauti kabisa na hizo mbili, na kwa mtu asiye na wakili naiona kuwa ndiyo yenye matumaini mengi, mradi useme kweli. Hukumu iliyotolewa bila wewe kufika inaweza kutenguliwa chini ya Agizo la 10 kama hukuingia kwenye kesi kabisa, au la 12 kama uliingia lakini siku ya kusikizwa hukuonekana.

Kuna ngazi mbili. Kama samansi hazikukufikia kihalali, kwa mfano aliyezipeleka aliziacha kwenye nyumba ya Kayole uliyohama mwaka juzi, hukumu hiyo haina msingi na inafaa itenguliwe kwa haki yako. Leta mkataba wa nyumba mpya, risiti za kodi, chochote chenye tarehe. Soma pia kiapo cha yule aliyepeleka samansi, kimo kwenye faili. Nilimwona baba mmoja akikisoma hapa dukani, kimeandikwa kwamba alikabidhiwa ana kwa ana langoni pake saa nne asubuhi siku fulani, naye siku hiyo alikuwa amelazwa hospitalini, na fomu ya kuruhusiwa anayo. Hakuhitaji kuandika mengi.

Kama samansi zilikufikia ila ukakosa kufika, hapo unategemea huruma ya korti. Katika Shah dhidi ya Mbogo, 1967, ilisemwa kwamba uwezo huo upo ili kumwokoa aliyeponzwa na ajali, kupitiwa au kosa la kusameheka, lakini si wa kumsaidia aliyekusudia kuchelewesha haki. "Kiunganishi cha Teams cha kikao cha mtandaoni kilikataa kufunguka" ni sababu, kama una picha ya skrini yenye saa. "Nilikuwa bize" si sababu. Na katika ngazi hii hakimu atataka kuona utetezi wako: ukirudishwa kwenye kesi utasema nini cha maana? Ambatisha rasimu ya majibu yako. Wasiofanya hivyo hukataliwa hata wakiwa na kisingizio kizuri.

Amri ya watoto haigandi

Hapa ndipo kesi za familia zinapoachana na kesi za mashamba na madeni. Amri kuhusu malezi na matunzo ya mtoto haifungwi kwa kufuli. Ibara ya 53 ya Katiba inasema maslahi bora ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 imelirudia hilo kwa nguvu. Mtoto wa miaka miwili si mtoto wa miaka tisa. Kwa hiyo hali ikibadilika, unarudi kwenye faili ileile na kuomba amri ibadilishwe. Hakuna siku 30. Huna haja ya kumsingizia hakimu kosa.

Ukilinganisha na rufaa, faida iko wazi. Ombi ni fupi, korti ni ileile, Kiswahili kinatosha, na ushahidi mpya ndio hasa unaotakiwa. Hasara yake ni kwamba lazima kitu kiwe kimebadilika kweli. Fundi akiomba wiki tatu baada ya hukumu, bila chochote kipya ila hasira, hakimu ataona ni rufaa iliyovaa kanzu.

Kilichobadilika kionyeshe kwa karatasi: barua ya kuachishwa kazi, ripoti ya daktari, barua ya shule inayosema mtoto hafiki darasani, uhamisho wa mzazi kwenda Mombasa. Na uandike kiasi unachoweza, usiishie kulia kwamba huwezi. "Naomba matunzo yawe 8,000 badala ya 15,000, kwa kuwa kipato changu sasa ni hiki, kodi ni hii, nauli ni hii." Hakimu anafanya kazi na tarakimu.

Usingoje deni lijae. Nimeona watu wameacha kulipa miezi saba wakingoja kupata pesa za wakili, kisha wanaitwa kueleza kwa nini wasifungwe jela ya madai. Kubadilishwa kwa amri kunaangalia mbele. Usitegemee kwamba kutayafuta malimbikizo ya nyuma. Siku kazi inapokwisha, wiki hiyohiyo lete ombi, na endelea kulipa unachoweza, kwa M-Pesa, si kwa mkono.

Uliposaini mwenyewe

Asubuhi kwenye korido za korti makubaliano mengi hufikiwa kwa haraka. Mtu anasaini kwa sababu amechoka, au kwa sababu shemeji amemsimamia kichwani. Baadaye anataka rufaa. Amri iliyotokana na makubaliano ya pande zote mbili haikatiwi rufaa, Kifungu cha 67 kimesema hivyo. Ili kuivunja lazima uonyeshe ulaghai, kosa la msingi, au jambo lolote ambalo lingevunja mkataba wa kawaida, na kujuta hakumo. Vivyo hivyo mapatano ya upatanishi ulioambatana na korti, ule ulioanza kwa majaribio Milimani mwaka 2016. Yakishapitishwa kuwa amri hayakatiwi rufaa. Kwa mambo ya mtoto, bado unaweza kuomba yabadilishwe hali ikibadilika, na hiyo ndiyo njia ningekuelekeza.

Lakini upatanishi wenyewe usiudharau. Kama ugomvi wenu ni Jumamosi ipi, au likizo ya Desemba mtoto aende kwa shosho yupi, mapatano mapya yaliyosainiwa na kusajiliwa yanamaliza kwa wiki chache kile ambacho rufaa ingekaa nacho zaidi ya mwaka.

Mambo yanayokukuta njia yoyote

Hakuna njia kati ya hizi inayosimamisha hukumu yenyewe tu kwa kuwa umeileta. Rufaa si breki. Ukitaka utekelezaji usitishwe, omba kando, chini ya Agizo la 42 kanuni ya 6 kama ni rufaa, uonyeshe hasara kubwa utakayopata, kwamba hukuchelewa, na dhamana utakayoweka. Kwa matunzo ya mtoto, jiandae kusikia hapana. Mtoto hawezi kula mwakani kile cha leo.

Kama ulikuwa na wakili na sasa umeachana naye, kuna kizingiti ambacho hakuna anayekuambia mapema. Agizo la 9 kanuni ya 9 linasema baada ya hukumu huwezi kujitwalia kesi mwenyewe hivihivi. Unahitaji ruhusa ya korti, au makubaliano ya maandishi na wakili wako wa zamani, yaliyowekwa kwenye faili. Ombi zuri linaweza kutupwa kwa hilo tu. Nenda ofisini kwake kwa adabu, hata kama mna deni baina yenu, umwombe asaini. Ukishindwa, weka ombi la ruhusa kwenye ombi lako kuu, likiwa la kwanza.

Kiapo ni mambo unayoyajua wewe mwenyewe, kwa aya zenye namba, kisha kinaapwa mbele ya kamishna wa viapo. Usikisaini kwangu dukani. Kisaini mbele yake, na viambatisho vipigwe muhuri wake. Halafu unapakia kwenye mfumo wa korti wa kuwasilisha kesi kwa mtandao, ambao Nairobi imekuwa nao tangu Julai 2020, unajisajili kwa kitambulisho chako kama mtu anayejisimamia, na kulipa kwa simu. Kama huna kabisa, Maagizo ya 33 na 44 yanampa asiye na uwezo nafasi ya kuomba aruhusiwe bila ada, la kwanza kwa kesi, la pili kwa rufaa. Upande wa pili lazima upelekewe nakala, na wewe uape kwamba umezipeleka.

Kuhusu Kadhi nitasema kwa ufupi. Uamuzi wake kuhusu ndoa, talaka au mirathi ya Waislamu nao hukatiwa rufaa Mahakama Kuu, na jaji huketi pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wengine wawili kama washauri.

Na mali ya ndoa? Kama uamuzi umetoka Mahakama Kuu, saa yako ni fupi zaidi: notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufaa ni siku 14, na rekodi siku 60 baada ya hapo. Wengi huja wakisema "sheria ni nusu kwa nusu, jaji ameninyima". Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023, katika JOO dhidi ya MBO, kwamba Ibara ya 45 ya Katiba haimaanishi kila mtu anabeba nusu moja kwa moja. Mchango unathibitishwa, hata ule usio wa pesa. Hapa nitasema waziwazi: kwa ngazi hii, tafuta wakili hata kama ni kwa kukopa chama. Mambo ya watoto mtu anaweza kujisimamia akiwa makini. Rufaa ya ploti mbele ya majaji watatu ni mlima mwingine.

Kabla ya kukopa, jaribu FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, kama wewe ni mwanamke; wao pia huwafundisha wanawake kujisimamia kortini. Jaribu Kituo cha Sheria, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Na soma hukumu za wenzako: tovuti ya Kenya Law huziweka bure, na katika kesi za watoto majina yamefichwa kwa herufi. Ukisoma tatu zinazofanana na yako utajua majaji huuliza nini.

Siku ya ishirini na nane

Mwezi uliopita, saa tisa alasiri, aliingia dada mmoja na mpwa wake wa chuo. Ameleta kurasa nane alizoandika kwa mkono kwa Kiswahili, mpwa amezitafsiri. Hukumu ilikuwa na siku ya ishirini na nane. Anataka apili na rivyu, zote mbili, "ile itakayoshika".

Nikamwomba anionyeshe karatasi mpya aliyonayo. Hana. Alichonacho ni ripoti ya afisa wa watoto iliyosema mtoto mdogo abaki naye, na hukumu haikuitaja. Nikamsomea Agizo la 42 kanuni ya 1: sababu za rufaa ziandikwe kwa ufupi, zikiwa na namba, bila hoja wala hadithi. Tukaanza kukata. Kurasa nane zikawa nne, nne zikawa moja na nusu. Sababu ya kwanza: Hakimu alikosea kisheria na kimambo kwa kutoizingatia ripoti ya afisa wa watoto ya tarehe fulani. Ya pili, ya tatu, ya nne. Akafika kwenye aya ambayo mama mkwe alimtukana mazishini.

"Hii niiweke wapi?"

"Hiyo, dada, umpelekee mamako."

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. Mpwa akauliza kama wangoje nakala ya amri iliyothibitishwa. Nikamwambia hapana. Hati inaingia sasa, nakala iliyothibitishwa inafuata mara itakapopatikana, kanuni ya 2 inaruhusu. Barua ya kuomba mwenendo wa kesi uchapwe nayo tukaipakia jioni hiyohiyo. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi na tatu simu yake ikalia, ujumbe wa malipo. Akaniomba nichapishe risiti kopi mbili, moja aiweke kwenye Biblia.